Jua la Saa Mbili Usiku

Saa sita mchana Breitscheidplatz ilikuwa imeshageuka nyekundu. Watu walikaa kwenye ngazi za Gedächtniskirche, kanisa ambalo mnara wake ulipigwa mabomu mwaka 1943 na ukaachwa vile vile, kilele kimekatika, madirisha matupu, ili wapitao wauone. Skafu zilifungwa viunoni, vichwani, kwenye mishikio ya vigari vya watoto. Mbwa mmoja mnene wa rangi ya kahawia alivishwa jezi ya namba kumi na hakuonekana kuwa na kinyongo nayo. Jua lilikuwa kali kwa kiasi cha Ujerumani, na mawe ya sakafu yalitoa harufu ya bia iliyomwagika, mafuta ya soseji, na ile krimu nyeupe ambayo Wazungu hujipaka wasibabuke.

Kilomita chache upande wa mashariki, Alexanderplatz ilikuwa ya kijani. Huko walikusanyika wapinzani, chini ya mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368, ambao ukitaka kuuona kileleni ukiwa umesimama chini yake, shingo lazima iume. Jezi za kijani, kofia za kijani, hata ndevu mbili tatu zilizopakwa kijani. Wazee kwa vijana waliimba wimbo mmoja wenye maneno machache mno, wakaurudia na kuurudia mpaka ukaacha kuwa wimbo, ukawa kama pumzi.

Mwenyeji wangu ni mtu wa Tanga, dereva wa basi katika jiji la Berlin kwa miaka mingi. Aliutazama ule wekundu, akaja akaitazama kijani hii, akacheka.

"Mdogo wangu, si umejiona uko Kwa Mkapa?"

Nikamjibu kwamba hapa sijasikia vuvuzela hata moja. "Subiri," akasema.

Timu zote mbili ni za ligi kuu ya Ujerumani, na zote zimetoka mbali. Majina yao nayaacha. Kila mwaka huja mengine, na mji huwapokea wote kwa uso ule ule, kama mama mwenye nyumba ya wageni. Jambo lililonivuta kwenye fainali hii ya Kombe la Ujerumani ni kwamba hakuna anayecheza nyumbani. Mji unaowapokea hauna timu ndani yake. Klabu kubwa inayoutumia uwanja huu kwa mechi za kawaida ilikaa miaka arobaini tangu fainali zihamie hapa bila timu yake ya kwanza kucheza hata moja. Timu yake ya akiba ndiyo iliyofika, mwaka 1993, vijana ambao hakuna aliyewatarajia, wakafungwa bao 1 kwa 0 na timu ya Leverkusen. Mwaka 2001 timu nyingine ya hapa, ya upande wa mashariki wa mji, iliyokuwa daraja la tatu, nayo ilifika ikafungwa 2 kwa 0. Wenyeji, basi, wamezoea kuwatandikia wageni na kutazama.

Kombe lenyewe huanza Agosti, klabu 64, mechi moja tu, anayefungwa anarudi kwao. Timu ya ridhaa ikipangiwa na timu ya ligi kuu, mechi huchezwa kwa yule mdogo, na ndiyo maana kila mwaka wachezaji wenye mishahara mikubwa hujikuta kwenye kiwanja chenye uzio wa waya na shamba la mahindi nyuma ya goli. Wapo wanaoondokea hapo hapo. Waliobaki huendelea kupungua hadi wawili, na wawili hao huja Berlin mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni.

Mambo yamekuwa hivyo tangu mwaka 1985. Kabla ya hapo fainali ilizunguka miji. Ujerumani Magharibi ilipoomba kuandaa Euro ya 1988, Berlin iliachwa nje ya orodha ya viwanja kwa sababu ya siasa za Vita Baridi, maana nchi za mashariki zisingekubali; fainali ya kombe ikatolewa kwa mji huu kama kifuta machozi. Wakati ule Berlin Magharibi ilikuwa kisiwa katikati ya Ujerumani Mashariki. Shabiki aliyetoka Munich au Krefeld kwenda kuangalia timu yake ilimbidi akatize nchi nyingine, aoneshe hati kwa askari wa mpakani, asiache barabara aliyopangiwa, ndipo aingie tena kwenye nchi yake mwenyewe. Mwaka huo wa kwanza watu wa Krefeld waliwafunga mabingwa wa Munich 2 kwa 1. Ukuta ulianguka miaka minne baadaye, lakini kifuta machozi hakikurudishwa.

Nilikaa muda mrefu Alexanderplatz kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya waokota chupa.

Ujerumani chupa ina amana. Ya bia, ya kioo, ni senti 8. Kopo au chupa ya plastiki ya kutupwa ni senti 25. Ukiirudisha dukani unaingiza kwenye tundu la mashine, inakutolea risiti, unalipwa. Siku ya fainali maelfu ya watu hunywa barabarani, jambo ambalo sheria ya hapa haikatazi, na nyuma yao hutembea watu wengine wasioimba. Niliona mama mmoja wa makamo, glavu za mpira mikononi, kigari cha dukani kimejaa mpaka pomoni na mifuko miwili ya bluu imening'inizwa pembeni. Alikuwa na utaratibu wake: makopo kwanza, kwa kuwa ni mepesi na yana thamani, vioo baadaye. Hakuomba. Vijana wenye kofia za kijani walimaliza chupa, wakaisimamisha chini kando ya pipa la takataka, wala hawakuitupa ndani, ili asilazimike kuingiza mkono. Ni adabu ya mji huu, mwenyeji aliniambia, na hakuna aliyeiandika mahali. Chupa mia za bia ni euro nane. Nilimtazama akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kati ya miguu ya watu wanaorukaruka, na wakati kundi zima lilipoanza kupiga makofi juu ya vichwa alipita katikati yao kama mtu anayepita sokoni kwake.

Saa kumi na moja jioni watu wakaanza kusogea. Polisi hufanya kazi kubwa kuwaweka mashabiki mbali mbali mchana kutwa, kila rangi na kiwanja chake. Halafu treni ya U2 inapita Alexanderplatz, inapita karibu na Breitscheidplatz, na inasimama karibu na uwanja wa mpira. Njia ni moja. Kwa hiyo tuliingia pale na wa kijani, na vituo kadhaa mbele, kwenye stesheni ya Zoo, wekundu wakajipenyeza milangoni.

Mabehewa ya U2 ni membamba. Ni ya njia za zamani, upana wake ni mita mbili na kitu, na watu waliokaa pande mbili magoti yao karibu yagusane hata siku isiyo na mpira. Siku hii mtu hakuhitaji kushika bomba. Hakukuwa na pa kuangukia. Madirisha yaliloa kwa pumzi. Harufu ya kwapa, bia, vitunguu, dawa ya nywele. Wa kijani walipiga dari kwa viganja, wekundu wakaanza kuruka, na behewa likayumba kwenye springi zake mpaka nikamwangalia dereva wa Tanga kuona kama anaogopa.

"Hili haliwezi kupinduka," akasema. "Basi langu je? Wangeshashuka."

Katikati ya yote haya alikaa bibi mmoja mwembamba, kikapu cha majani ya kitunguu na mkate magotini, akisoma gazeti. Alishuka Theodor-Heuss-Platz. Ilimbidi apite katikati ya watu kama ishirini hivi, wekundu na wa kijani, na wote walijibana ukutani, mmoja akambebea kikapu mpaka mlangoni. Kisha milango ikafungwa na kelele zikaanza upya pale pale zilipoishia.

Ukitoka stesheni unakutana na miti. Sikuitegemea. Misonobari, mialoni, na mirobinia iliyochanua maua meupe ambayo harufu yake tamu ilishinda kwa hatua chache harufu ya soseji, kisha ikashindwa. Watu walitembea polepole chini ya vivuli, mkondo mzito wa fulana. Kando ya njia walisimama wanaotafuta tiketi, kila mmoja na kipande cha boksi kifuani kilichoandikwa kwa kalamu nene. Baba na mwanawe wa miaka kama kumi walishika kipande kimoja, kimeandikwa tarakimu 2. Walanguzi walipita karibu nao bila boksi lolote, wakinong'ona bei, na baba alitikisa kichwa kila mara. Tiketi yangu niliisukuma ndani zaidi ya mfuko.

Halafu miti ikaisha ghafla.

Mbele yetu palikuwa na uwazi mpana, na mwisho wake minara miwili ya mawe yenye pembe nne, mirefu, bila nakshi, na katikati yake, zimening'inizwa kwenye waya, pete tano za Olimpiki. Nyuma yake uwanja. Picha nyingi nilizoziona hazikunisaidia chochote. Nje, Olympiastadion haionekani kuwa kubwa sana. Ni duara la nguzo za mawe ya chokaa, za mraba, za kijivu zenye vitobo vya konokono wa zamani za kale, na juu yake utepe mweupe wa paa. Ukubwa umefichwa. Uwanja umezikwa ardhini kama chungu kilichofukiwa mpaka shingoni: ukipita kati ya nguzo unajikuta umesimama katikati ya urefu wake, safu za viti zikipanda nyuma yako na nyingine zikishuka miguuni pako, na nyasi ziko chini kabisa, mbali chini ya usawa wa njia uliyojia.

Nilishika ukuta. Sisemi kwa kupamba. Kuna ngazi, na macho yanatangulia mbele kabla miguu haijawa tayari.

Viti ni zaidi ya elfu sabini na nne. Mwenyeji alishapiga hesabu yake: basi lake la ghorofa hubeba abiria mia moja na kitu, kwa hiyo watu walioko hapa ni mabasi zaidi ya mia sita, yamejaa, yamepangwa duara. Nilijaribu kuyaona hayo mabasi nikashindwa. Niliona tu rangi. Mashariki wekundu, tangu chini hadi chini ya paa. Magharibi wa kijani. Pande mbili ndefu zilichanganyika, na huko ndiko tulikokaa, kusini mashariki, nyuma ya familia moja iliyogawanyika: mama kijani, baba mwekundu, mtoto na skafu mbili.

Uwanja huu ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1936, na waliouagiza walijua walichotaka. Kila kitu kimepimwa ili mtu mmoja awe mdogo na watu elfu wawe mstari. Njia zimenyooka. Ngazi zina mapana yanayotaka watu watembee pamoja. Upande wa magharibi majukwaa yamekatwa, pameachwa lango wazi, Marathontor, na kupitia lango hilo unaona kiwanja cha gwaride kiitwacho Maifeld na, mwisho wa yote, mnara wa kengele wenye mita 77. Jicho halina uhuru. Linaburutwa moja kwa moja mpaka kwenye mnara. Lakini mwaka ule ule wa kwanza, kijana Mweusi kutoka Alabama, mtoto wa wakulima wa mashamba ya watu, alikuja hapa akachukua dhahabu nne mbele ya wenye uwanja. Majina ya washindi yamechongwa kwenye ukuta wa mawe penye Marathontor na lake limo. Barabara ya upande wa kusini imepewa jina lake tangu mwaka 1984.

Kengele ya zamani haipo mnarani. Tuliikuta kabla ya kuingia, karibu na lango la kusini, imewekwa chini nje ya uwanja, zaidi ya tani tisa za chuma chenye kutu, ina ufa na tundu ambalo ngumi yangu ingeingia. Mnara wa kwanza uliungua mwaka 1945. Waingereza, ambao eneo hili lilikuwa mikononi mwao baada ya vita, waliulipua mwaka 1947 na kengele ikaanguka nao. Ilifukiwa ardhini, ikafukuliwa mwaka 1956. Mnara ulijengwa upya, ukapewa kengele nyingine. Hii yenye ufa imebaki kuwa mahali pa kukutania. Siku ya fainali watu huambiana kwa simu, tupo penye kengele, na kijana mmoja alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye tai aliyechorwa ubavuni mwake, anakula soseji.

Saa mbili usiku refa akapuliza kipenga, na jua lilikuwa bado juu.

Kwa mtu aliyezoea jua linalozama saa kumi na mbili na nusu, kila siku, mwaka mzima, jambo hili halizoeleki. Kabla ya kipenga wimbo wa taifa uliimbwa, kombe likawekwa kando ya njia ya wachezaji, na mwanga wa jioni ukaingia kutoka magharibi, kulia kwa lango, ukapita chini ya paa na kulala juu ya nyasi. Kila mchezaji alikuwa na kivuli cha mita kumi. Kipa wa wekundu alicheza dakika ishirini nzima mkono mmoja ukiwa juu ya macho.

Wakati huo huo upande wa mashariki kitambaa kimoja kikapanda. Kilianzia safu za chini, kikavutwa juu ya vichwa kwa maelfu ya mikono mpaka kikafunika jukwaa zima, mchoro wa mji wao, na mto wake na daraja lake. Kazi ya miezi, mwenyeji aliniambia. Hushonwa usiku kwenye maghala. Kilikaa juu kwa dakika chache, kisha kikashuka, kikakunjwa, basi. Wa kijani walijibu kwa karatasi za rangi, kila kiti na yake, zikanyanyuliwa kwa ishara moja. Halafu mashariki zikawashwa mienge, ile iliyopigwa marufuku na ambayo huingia kila mwaka. Kumi, kisha ishirini, mwanga mwekundu mkali, na moshi ukapanda hadi paani. Mtangazaji alisihi kwa kipaza sauti kwamba izimwe. Akasihi tena. Kwenye uwanja uliojengwa ili sauti moja itoke juu na watu wote waitii, watu elfu ishirini walimzomea, na nakiri nilifurahi, ingawa moshi ulinichoma koo na mtoto wa mbele yetu alikohoa ndani ya skafu zake mbili.

Kati ya majukwaa na nyasi imezungushwa njia ya kukimbilia, ya bluu, iliyowekwa wakati wa ukarabati uliomalizika mwaka 2004. Hapo mwaka 2009 Mjamaika mmoja alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na Wakenya wawili walitangulia kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyoyo zetu zikiwa nao. Mashabiki wa mpira hawaipendi njia hiyo. Inawaweka mbali. Ukikaa nyuma ya goli moja, goli la pili ni habari ya kusikia.

Na kusikia kwenyewe kunachelewa. Hili nililigundua kipindi cha kwanza na likanishughulisha kuliko mchezo. Kutoka jukwaa la magharibi hadi la mashariki ni mbali kiasi kwamba sauti hutumia karibu sekunde nzima kufika. Niliwaona wa kijani wakipiga makofi, mikono ikikutana juu ya vichwa, na mlio ukanijia mikono ikiwa imeshaachana. Ngoma za wekundu nilizipata kwa wakati wake, maana zilikuwa karibu. Basi masikio yangu yalikuwa na nyimbo mbili zisizolingana, na macho yana ya tatu.

Mbele ya kila kundi, juu ya kijukwaa cha chuma, alisimama kijana mwenye kipaza sauti, uso kwa mashabiki, mgongo kwa mchezo. Kazi yake ni kuanzisha nyimbo. Wa wekundu nilimwona vizuri: mwembamba, kifua wazi, mishipa ya shingo imetoka. Ilipofika dakika ya sitini na kitu kona ya wa kijani ikapigwa, beki mrefu akaruka, kichwa, wavu. Yule kijana alilifahamu bao hilo kwenye nyuso za watu wake. Midomo ilifungwa safu baada ya safu, tangu juu hadi chini. Hakugeuka. Alinyanyua mkono, akaanza wimbo mwingine, na kwa muda aliimba peke yake.

Wa kijani walishinda. Namna walivyoshinda imeandikwa na wengine kwa dakika na majina.

Kabla ya hayo, wakati wa mapumziko, tulisimama kwenye foleni kati ya zile nguzo za mawe. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na upepo wa msituni ulikuwa wa baridi. Soseji ilikuja na haradali na kipande cha mkate kidogo kuliko yenyewe. Bia kwenye glasi ya plastiki, nayo ina amana yake. Mzee mmoja mwekundu alipoona rangi yetu na kutokuwa na skafu, alimuuliza mwenyeji tunashabikia nani. Mwenyeji alijibu kwa Kijerumani kirefu. Mzee akacheka mpaka akashika nguzo.

"Umemwambia nini, kaka?"

"Nimemwambia mimi ni dereva. Nashabikia watakaorudi nyumbani kwa wakati."

Baada ya kipenga cha mwisho wekundu hawakutoka, na hapo niliinuka kwenye kiti. Wachezaji wao walilala chali kwenye nyasi, mmoja amejifunika jezi usoni. Walipokwenda kupokea medali zao za fedha, wengi walizivua kabla hawajamaliza kushuka. Kisha wakatembea, taratibu, kuelekea mashariki, wakasimama mita chache kabla ya njia ya bluu kama watu waliochelewa kurudi nyumbani na hawajui watapokelewaje. Jukwaa likanyanyua skafu. Zote, zimenyooshwa kwa mikono miwili, na wakaimba polepole wimbo ambao mchana walikuwa wameuimba mbio mbio. Baba wa familia ya mbele yetu aliimba nao. Mkewe mwenye kijani hakusema neno. Alishika kofia yake mkononi.

Upande wa pili karatasi za dhahabu zililipuka hewani na kombe likainuliwa. Kwa mbali ni kitu kidogo. Urefu wake ni sentimita 52, uzito karibu kilo sita, fedha iliyopakwa dhahabu na kupambwa vito vya kijani na fuwele. Lilitengenezwa na sonara wa Cologne mwaka 1964 na hubeba lita nane za bia, jambo ambalo huthibitishwa kila mwaka. Mwaka 2002 lilimponyoka mikononi mkubwa mmoja wa klabu iliyoshinda akiwa juu ya gari la sherehe, likabonyea, likapelekwa kwa fundi. Nahodha wa kijani alilishika kwa vidole kumi vyote.

Tulitoka tukafuata njia ya stesheni ya S-Bahn, iliyochimbwa chini ya barabara, reli kumi zikiwa sambamba, majukwaa marefu yenye taa nyeupe. Huko ndiko nilikouona umati vizuri kuliko uwanjani, kwa sababu ulikuwa unapungua. Treni moja iliingia, ikameza watu, ikaondoka. Nyingine ikaingia kabla taa nyekundu za ile ya kwanza hazijapotea. Mwenyeji alitazama saa yake, akahesabu mabehewa, akasema hawa wenzake wa reli wamejitahidi.

Ndani ya treni tulibanwa mlangoni na watu wawili wanene, mmoja mwekundu, mmoja kijani, wote wa umri wa kustaafu. Walikuwa wameshamaliza kubishana kama ile ilikuwa kona halali. Sasa walizungumzia Agosti. Mwekundu alisema raundi ya kwanza wanaweza kupangiwa kijiji chochote, hata kisicho na taa uwanjani, na yeye ataenda, ila anaomba kiwe kijiji chenye soseji nzuri. Wa kijani akamuuliza kijiji gani huko kwao kimewahi kuwa na soseji nzuri. Mwekundu akauliza mtu wa kaskazini anajua nini juu ya soseji. Mwenyeji aliendelea kunitafsiria mpaka akachoka, maana walifika kwenye aina za haradali, na tuliposhuka Charlottenburg mmoja wao alikuwa ametoa simu kumwonesha mwenzake picha.